Mwezi wa Kutoka Malindi

Kalenda ya duka la vipuri iko ukutani karakanani,
imekwaruzwa kwa kalamu hadi karatasi imechoka.
Mwaka wa tatu huu, Jumwa,
tunachagua mwezi kama wanunuzi wa nazi:
tunautikisa, tunausikiliza maji,
tunaurudisha kwenye fungu.

Januari, ulisema jua.
Ukishavuka Gongoni hakuna kivuli
ila cha nguzo za umeme, nacho chembamba,
mtu hupumzika amesimama wima.
Na kaskazi hutusukuma kifuani
kama bawabu asiyetutambua;
baiskeli yenye hema, sufuria, jiko la mafuta taa
na lita tisa za maji
haiendi, inaomba radhi.

Februari niliikata mwenyewe.
Mgunga ukikauka hutema misumari yake njiani.
Miaka kumi na minane nanusa solusheni hapa Maweni,
naujua mwezi kwa hesabu ya viraka:
Februari arobaini kwa wiki,
Juni sita.

Novemba mvua za vuli, haziaminiki,
leo zipo Mambrui, kesho zimekwenda kwa watu.
Desemba kaskazi tena, na mabasi
yanayoendeshwa na wenye haraka ya sikukuu.

Basi Agosti, nikasema. Agosti, Jumwa!
Siku ya Mwaka imepita, tope limekuwa udongo,
Tana umerudi kitandani mwake,
kusi iko mgongoni Garsen, iko mgongoni Witu,
tutafagiliwa hadi Mokowe
miguu ikiwa imekaa tu juu ya pedali kwa heshima.
Usiku baridi kidogo, ya kujifunikia leso mbili.

Ukaniuliza: na kurudi je?
Kusi hiyohiyo itatungoja njiani.
Nikasema tutarudi kwa basi, baiskeli juu ya keria.
Ukatazama kucha zako zilizopasuka, ukasema
nauli.
Nikasema nauli ninayo.
Ukasema, basi tuone.

Nilikuona mwoga. Nisamehe.
Niliwaambia hata wateja:
mchagua jembe si mkulima,
na mchagua upepo, je?
Wakacheka. Nikacheka nao.

Ijumaa akaja Sidi wako, anakokota baiskeli ya shule,
gurudumu la nyuma limelala.
Nikiwa nimezamisha tyubu karaini, natafuta povu,
akasema, bila kuulizwa:
"Mama hawezi Agosti.
Agosti chumvi hukauka vizuri, wanalipwa kwa kiroba.
Akitoka siku tatu, nafasi yake ina mtu.
Hupumzika masika tu, mabwawa yakifurika."

Povu likatoka pembeni mwa vali.
Tundu dogo, la siku nyingi.
Nilikuwa nalitafuta upande mwingine kabisa.

Sasa sikiliza.
Nimekata mtungi wa manjano, nimepata madigadi manne,
marefu, yanafika karibu na lami.
Mnyororo nimeupaka grisi hadi umekuwa mtoto wa hina.
Lete viroba vitupu, vile vya kilo hamsini,
tuvitandike chini ya hema, maji yapite chini yetu.
Mbu nimewawekea chandarua kimoja,
tutabanana.
Sabaki utakuwa mwekundu, tutauvukia darajani,
tusishuke kuosha nyuso.
Na kama huko mbele Tana umekalia barabara
tutapiga hema upande huu,
tutapika uji, tutauangalia
mpaka uone haya uondoke,
au usione haya, turudi.
Garsen pia ni mbali.

Nimefunua kalenda, Mei.
Karatasi nyeupe, haina hata mkwaruzo.
Miaka mitatu
hatukuwahi hata kuigombania.

Tarehe sijaandika.
Mabwawa yakijaa, nibipu.